Ngeli ya Waliopotea

Herufi moja ndiyo iliyonikalisha benchi miaka saba. Wenzangu huangushwa na pombe, na mapenzi, na ganda la ndizi. Mimi niliangushwa na konsonanti. Nilifika mbele ya jengo la chokaa, nikabisha hodi, sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani, "Nani wewe, na uko wapi?" Nami nikajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri na kufundishwa ngeli kipindi cha mwisho, tumbo limejaa maharage: "Ni mimi Ngwali, niko hapa." Mlango ukafunguka. Laiti ningesema *nipo*. Lakini laiti haina dirisha katika jengo lile, nilishaulizia.

Ngoja nikuelezee mahali penyewe, msomaji wangu, usije ukanuna kabla hatujafahamiana. Mji ule hauna jina. Barabara zake zote zinatoka. Sikuona hata moja inayoingia. Vibao vya njia vimejaa, lakini mshale wa kila kibao unamwelekea anayekisoma. Ukihama kushoto, nao unahama kushoto. Ukizunguka nyuma unakufuata, kama paka anayetaka kubebwa. Saa ya mnarani inasoma umri wa anayeitazama, kwa hiyo watu hupita chini yake wakiwa wameinamisha vichwa. Na jua lake limegota pale pa saa nne asubuhi, ile saa ambayo wenye kazi wamekwenda kazini na wewe bado unatafuta kikombe. Nilifikaje huko? Kwa njia wanayofikia wengi: kwa kutokwenda popote.

Maana kabla ya hapo nilikuwa mtu wa barazani kwa dada yangu, Siwema. Shule niliimaliza, au ilinimaliza, hatukuwahi kukubaliana. Baada ya hapo nikakaa. Anayepita asubuhi ananiuliza, "Vipi Ngwali, unafanya nini siku hizi?" Namjibu, "Nipo nipo tu." Anayerudi mchana, "Nipo nipo tu." Hebu lichunguze neno hilo. *Nipo* ni tamko zito. Mtu akilisema mara moja amewaarifu viumbe wote kwamba dunia ina yeye ndani yake. Akilisema mara mbili na kulifunga *tu* mkiani, amejifuta mwenyewe mbele ya mashahidi. Hesabu ya ajabu: nipo ukijumlisha nipo, jibu lake sipo. Mimi nililichezea neno lile mpaka likaniishia kinywani. Ndiyo sababu, mlangoni pa jengo la chokaa, nilipolitafuta sikulipata, nikatoa lililokuwa karibu.

Jengo lenyewe ni Idara ya Waliopotea na Vilivyopotea. Ndani kuna ukumbi mrefu uliokatwa kwa kuta mbili nyembamba, na mbele kuna madirisha matatu yenye nyavu. Juu ya la kwanza pameandikwa PO, la pili KO, la tatu MO. Unakumbuka? Po ni pale panapojulikana. Ko ni huko kusikojulikana. Mo ni humo ndani: ndani ya huzuni, ndani ya mapenzi, ndani ya ndoa ya tatu. Madirisha matatu, lakini karani mmoja, Bi Nunu, mwanamke mnene mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani. Hukaa juu ya kigoda chenye vigurudumu, akajisukuma kwa mguu kutoka dirisha hadi dirisha, *kri kri kri*, na kila akifika anakuwa amesahau alikotoka. Au anajifanya.

"Jina?"

"Ngwali."

"Umepotea lini?"

"Sijui, bibi. Ningejua, si ningerudi?"

"Usinichekeshe, fizi inaniuma. Nani kasema umepotea?"

"Mimi mwenyewe."

Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, mtu hajisemei. Unaiona ile ndala pale juu rafuni? Ilikuja yenyewe kwa mguu wake? Imepotea kwa sababu kuna mguu mahali unarukaruka kwa kuikosa. Bila mguu, ile ni mpira tu. Watu wakikuona baada ya siku nyingi wanakwambiaje?"

"Umepotea wewe!"

"Haya. Unadhani wanakulaumu? Wanakiri. Wanakwambia palikuwa na nafasi yako, na kwamba wameiona iko wazi. Sasa wewe nani amekwambia?"

Nikafikiri. Nikashika sikio, nikacheka. "Bado hajafika."

"Mngojee benchini. Dirisha la Ko, maana umesema niko." Akanipa fomu. Ilikuwa na mstari mmoja tu: *Anakoelekea.* "Na hiyo ukiijaza, unaweza kuondoka hata kama hajaja mtu. Ila uandike kweli. Ukiandika uongo wino haushiki."

Niliandika *Ughaibuni*, wino ukatelemka kama maji juu ya jani la mgomba. Nikaandika *Kwenye mafanikio*. Karatasi ikapiga chafya. Naapa. Nikaandika *Mbele*, Bi Nunu akauliza kutoka dirisha la tatu, "Mbele ya nani?"

Na kulikuwa na sheria. Usingeijua mpaka umwone mtu imemfika, nami niliiona kwa Bwana Tambwe, mpiga tarumbeta aliyestaafu, jirani yangu wa benchi. Watu wa idara ile huandikwa katika ngeli ya A-WA, kama watu wote. Lakini kila jua likitikisika kidogo kengele hulia, na wale waliokaa muda mrefu bila kuulizwa na mtu huhamishwa. Hawapigwi, hawafukuzwi. Wanahamishwa ngeli tu. Asubuhi moja, au ile ile, Bi Nunu alipita na ufagio akasema, "Hebu kisogee nifagie."

"Nani?" nikauliza.

"Hiki." Akimaanisha Bwana Tambwe.

Bwana Tambwe akacheka, nikacheka. Kesho yake alipopiga chafya mtu wa mbele akasema, "Kimepiga chafya." Kengele ilipolia, Bi Nunu alimnyanyua kwa mkono mmoja, taratibu, bila chuki, akampandisha rafuni kati ya chupa ya chai na mwavuli usio na kitambaa. Alikaa pale akiniangalia. Nilimwita, "Bwana Tambwe! Hujambo?" Akafungua kinywa ajibu, akakosa kiambishi. Sijambo ni ya mtu.

Basi nikaogopa. Mimi nina bahati mbaya zaidi yake: jina langu la kawaida kwa watu ni *kijana*, na kijana tayari ana ki- kichwani. Nimeshavaa kofia ya ngeli ile. Ilibaki kuvishwa suruali tu.

Benchi lile halikunipa kazi ila kukumbuka, na kila nilipokumbuka niliishia mahali pamoja. Siku ile nyumbani kwa dada. Wageni wamejaa, Siwema anachambua mchele kwenye ungo, akaniuliza mbele yao, bila ubaya, "Hivi wewe, babu wewe, unaelekea wapi?" Wote wakanigeukia. Mimi nina ugonjwa mmoja: nikitazamwa na watu watatu natoa mzaha, kama kinyonga anavyotoa rangi. Nikasema, "Naelekea kuwa kama wewe, dada: kufika mapema mahali pasipo na kitu." Wakaangua kicheko. Mzaha ulikuwa mzuri, ndio ubaya wake. Siwema aliacha shule darasa la sita, mama yetu alipofariki, ili mimi nisiache. Hapo pasipo na kitu ndipo aliponilelea. Aliendelea kuchambua, akitupa punje nzima na kuacha mawe. Kesho yake asubuhi niliondoka kabla hajaamka, na mpaka nafika jengo la chokaa nilikuwa najisifu kwamba nimeondoka kwa heshima.

Mtu anauliza: kusudi la maisha ni nini? Benchini kwetu swali hilo lilikuwa linazunguka kama kipande cha muwa, kila mmoja anatafuna kidogo na kumpa mwenzake. Mmoja alisema kusudi ni njia. Mwingine akasema ni mwisho wa njia. Mimi nilisema ni viatu, wakacheka, nikashika sikio. Lakini moyoni nilikuwa nauliza swali dogo zaidi, la kitoto, ambalo sikumtajia mtu: je, saa ya kula, kuna anayesita kabla ya kufunika chungu?

Halafu siku moja, au ile ile, Bi Nunu alipopita na ufagio alinigusa goti. "Kisogee," akasema.

"Bibi, ni mimi!"

"Kinasema ni chenyewe," akamwambia ufagio.

Nikaangalia jua. Lilikuwa linaanza kutikisika.

Wakati huo huo *kri kri kri*, Bi Nunu akajisukuma hadi dirisha la Po. Ukuta kati yetu ni mwembamba kama chapati ya mwisho wa unga. Nikasikia sauti ya mwanamke.

"Bibi, shikamoo. Leo nimekuja kufuta."

"Marahaba. Kufuta nini, mama?"

"Jina la mdogo wangu. Lile ninaloulizia kila siku."

"Alama zake?"

"Si nilishakupa?"

"Taja. Ndio utaratibu."

Sauti ikapumua. "Akicheka hushika sikio la kushoto. Akidanganya hushika yote mawili. Hula ukoko kabla ya wali. Halali mpaka mlango ufungwe mara mbili, na ukimwambia mwoga, anasema anapenda kulisikiliza komeo. Akiumwa anaimba. Nguo mpya huivaa kwanza ndani siku mbili, anaona haya nayo."

Msomaji, nilikuwa nimesahau. Mambo yote hayo nilikuwa nayo siku zote, kama mgongo, sikuwahi kuyaona. Kumbe mtu nusu yake anakaa kwa mwingine, inapigwa pasi na kukunjwa, inangoja.

"Na mbona unafuta?" Bi Nunu akauliza.

"Nimechoka, bibi. Kila siku nasema yupo, yupo, pahali yupo. Leo nimewaza: labda hakupotea. Labda aliondoka."

"Kupotea na kuondoka ni mafaili mawili."

"Ndiyo maana nimekuja ulifunge hili."

Niliruka kutoka benchini. Nikaligonga dirisha la Ko mpaka vumbi la nyavu likanijaa nywele. Bi Nunu akaja polepole, *kri*, *kri*.

"Kinasemaje?"

"Yule ni dada yangu! Anayemtafuta ni mimi! Ukuta mmoja tu, bibi, miaka saba, kwa nini hukuniambia?"

Akavuta miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya puani, akanitazama kwa mbali sana ingawa uso wake ulikuwa hapa. "Yeye kasema *yupo*. Wewe ulisema *niko*. Faili la Po na faili la Ko hayakutani, mwanangu. Sikuyatunga mimi. Nenda kamuulize aliyetunga lugha."

Mwanangu, alisema. Kwa A-WA. Nikajua bado kuna upenyo.

"Nipitishe upande wa pili."

"Jaza fomu kwanza."

Nikaitazama karatasi. *Anakoelekea.* Mstari ule ule ulionishinda tangu barazani, tangu shule, tangu siku ya kwanza mwalimu aliposema kila mtu asimame aseme akikua atakuwa nani, nami nikasema mrefu. Nyuma yangu jua lilikuwa linatetemeka kama yai kwenye maji ya moto. Nikasema, "Siwezi kuandika uongo, bibi. Sijui ninakoelekea."

"Basi rudi kikae."

"Sijui ninakoelekea. Najua alipo."

Kalamu yake ikasimama hewani. "Alipo? Kwa Po?"

"Kwa Po."

"Sio *aliko*?"

"Nimemsikia. Pale nyuma ya ukuta, anahema kwa pua kwa sababu anazuia kulia. Dunia nzima iliyobaki ni ko, bibi. Ko, ko, ko, kama kuku. Hapo tu ndipo."

Aliandika yeye mwenyewe, kwa mkono mnene, *Alipo dada yake*. Wino ukashika. Akapiga muhuri, pah, na ukutani, mahali ambapo nilikuwa nimeegemea kichwa miaka yote ile, mlango ukajifungua kwa aibu.

Kutoka dirisha la Ko hadi la Po ni hatua arobaini. Nilizihesabu, kwa kuwa ndizo hatua za kwanza maishani mwangu kujua zinakwisha wapi. Lakini ngeli ilikwishaanza kazi. Hatua ya kumi nilitembea. Hatua ya kumi na tano kilitembea. Kilijikaza, nikajikaza, miguu yake, miguu yangu, ilikuwa mizito kama miguu ya meza. Hatua ya ishirini na mbili kilitaka kupumzika kidogo kwenye rafu iliyokuwa karibu, rafu nzuri, isiyo na vumbi, ambako hakuna anayekiuliza kinaelekea wapi. Kilisimama. Kilifikiri: mbona hapa panafaa? Kisha kikasikia mtu akipenga kamasi upande wa pili, kwa mlio ule, mlio wa tarumbeta mbovu ambao kimeucheka tangu utotoni, na mimi, mimi Ngwali bin Mzee Shaame, nikainua mguu wa ishirini na tatu.

Siwema alikuwa amesimama mbele ya dirisha, mkono kwenye wavu, kidole gumba kimepakwa wino tayari kwa kufuta. Amekonda. Kichwani mvi tatu, ambazo nilizifahamu moja moja kwa majina ya makosa yangu. Akanigeukia, macho yakanipita kama yanavyoupita mwavuli.

"Dada," nikasema. Watu watatu wa foleni ya Po wakanitazama. Ugonjwa ukanishika. "Dada, ulikuwa unanitafuta? Mimi nilikwenda tu kununua..."

Mikono yangu ilikuwa imeshika masikio yote mawili. Macho yake yakarudi. Yakatua kwenye sikio moja, yakahamia la pili.

"Kununua nini?" akauliza, taratibu.

Nikaachia masikio. Mikono ikaning'inia, sikujua iwekwe wapi. "Sikwenda kununua kitu. Nilikimbia. Siku ile nilisema maneno mabaya, na watu wakacheka, na nilijua ni mabaya kabla hayajanitoka, nikayatoa kwa sababu yalikuwa matamu. Hapo ulipofika wewe, mimi ndiye kitu kilichokuwapo. Nisamehe, dada."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongea mbele ya watu watatu bila hata mmoja kucheka, na paa halikuanguka.

Siwema akakifuta kidole cha wino kwenye shati langu. Polepole, mpaka kikatakata. "Nani kakwambia nakutafuta wewe?" akasema. "Nimefuata sufuria yangu. Uliondoka nayo."

"Sikuondoka na sufuria!"

"Basi nani aliyeila ile? Maana ukoko ulikuwa unakula mpaka unafika kwenye bati."

"Dada, mimi ndiye niliyekupata. Nimetoka kule, hatua arobaini."

"We! Miaka saba nakuja hapa kila siku ya Mungu, na miguu yangu hii, halafu wewe na vihatua vyako vya kuku uje useme umenipata? Nimekupata mimi!"

"Ulikuwa unafuta!"

"Nilikuwa nafuta, nilikuwa sijafuta! Bibi, mwandikie, mimi ndiye niliyempata."

Bi Nunu alikuwa ameshika mafaili mawili, moja kila mkono, na juu ya kichwa chake kengele imeanza kuyumba. "Fomu inataka aliyepatikana na aliyempata," akasema. "Niamulieni haraka."

"Aliyepatikana huyu," akasema Siwema.

"Huyu," nikasema mimi, nikimwoneshea kidole.

"Ngwali, nitakuzaba kofi mbele za watu."

"Nizabe. Uliza na alama zake, bibi: akikasirika huchanganya mawe na mchele. Akilia hupenga kama—"

"Thubutu!"

Bi Nunu akavua miwani yote miwili. Akayachana mafaili, la Po na la Ko, akayatia kapuni. Akachukua karatasi nyeupe, akaandika neno moja, akalipitisha chini ya wavu kengele ilipokuwa inalia. Siwema akalichukua kabla yangu, akalisogeza kwenye mwanga, akalisoma kwa sauti, silabi moja moja, kama alivyokuwa akinisomea zamani vitabu vyangu vya shule ili ajue nasoma nini: *wa-me-pa-ta-na*. Akalikunja mara mbili, akalitia kifuani, akaniuliza kama nimekula.